Dubai Mpaka Mumbai kwa Njia ya Tunduma

Sisi watu wa Ufipa umbali hatuupimi kwa kilomita. Kilomita ni za madereva, na za wale wanaosimika vibao kando ya lami. Ukiniuliza Matai ni mbali kiasi gani, nitakuambia ondoka sasa hivi, jua likifika pale utakuwa umeshaingia, na kama una mzigo kichwani nitakuongezea kidogo. Muze, kule bondeni, tunasema ni karibu kushuka na mbali kupanda, na hakuna anayecheka, kwa sababu ndivyo ilivyo. Nayasema haya mapema ili usije ukaniona punguani nitakapoieleza safari ya kutoka Dubai kwenda Mumbai, miji miwili ambayo sijaikanyaga hata kwa ndoto, ila kwa asubuhi moja nilisafiri kati yake.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani, kwenye duka la vitambaa la jirani yangu tunayemwita Alhaji, hapa hapa mjini Sumbawanga. Yeye anauza kitambaa ndani, mimi nashona nje, na mteja akitoka kwake anaangukia kwangu. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Miaka mingi amebeba mahindi ya Laela kuyapeleka Tunduma, mpakani na Zambia, mpaka mgongo ukamshinda akarudi kulima. Shamba nalo hakulifaidi sana, tumbo likaanza. Wakamzungusha hospitali hii na ile, mwisho akapewa rufaa ya India, mji wa Mumbai, yeye na mtu mmoja wa kumuuguza. Alikwenda binti yetu mkubwa, kwa kuwa anajua Kiingereza na haogopi kuuliza. Mimi nikabaki na cherehani.

Madaktari wa huko wakasema tumbo litapasuliwa, lakini mwili umekwisha mno. Ale kwanza, apate nguvu, ndipo wamguse. Na mzee akagoma kula.

Laiti angegoma kwa ugomvi. Mume wangu ni mtu wa maneno. Chakula kikichelewa anasema, chumvi ikizidi anasema, ikipungua anasema zaidi, na mimi namjibu, na ndivyo tulivyolea watoto. Sasa binti ananiambia kwenye simu kwamba baba akiletewa sahani anasema, "Asante mwanangu, weka hapo," kisha anageukia ukuta. Mume wangu na asante wapi na wapi. Nilijua pale pale kwamba mtu huyu ameshaanza kufunga mizigo yake.

"Anasema kila chakula kina harufu," binti akasema.

"Ulezi je?" nikauliza. "Uji wa ulezi hajaukataa tangu nimjue."

Akanyamaza kidogo. "Basi tuletee, mama," akasema.

Alhaji alikuwa katika maandalizi ya kwenda Dubai kufuata vitambaa. Nikamfuata kaunta na tepu ikiwa bado shingoni.

"Alhaji, ukishafika Dubai, Mumbai ni mbali?"

Akavaa miwani, akabonyeza simu yake, akasoma. "Kwa ndege ni masaa matatu, fundi. Kilomita karibu elfu mbili."

Hizo elfu mbili hazikuingia sikioni kabisa. Yaliyoingia ni masaa matatu.

"Masaa matatu si ni Tunduma tu?"

Akatazama dari, akahesabu. Alhaji babu yake alitoka mbali, lakini yeye kitovu chake kimezikwa hapa. "Naam," akasema, "ni Tunduma. Basi likiwa halisimamisimami."

"Basi utampitishia mzee unga."

Hapa kwetu anayekwenda Tunduma anabeba na vya watu. Mzigo wa Laela unampa konda, konda anaushusha dirishani, mwenyewe yupo pale chini anaupokea, safari inaendelea. Mimi sikuona ajabu yoyote kumwambia mtu wa Dubai apitishe unga Mumbai, na kinachonishangaza hadi leo ni kwamba Alhaji naye hakuiona. Alisema tu uwe mkavu na ufungwe vizuri. Ni mwalimu mmoja mteja wangu, aliyekuja kupima sketi, ndiye aliyenipigia hesabu ya hizo kilomita: toka Sumbawanga uende mpaka Dar, ukishafika geuka, urudi mpaka ukaribie Mbeya. Nikamwambia ashushe pumzi nimpime kiuno.

Ulezi wenyewe ulikuwa wa shamba letu, wa mavuno ya mikono yake. Niliuanika uani kwenye jua lile la kwetu la mwezi wa saba, linalowaka huku upepo unakata masikio. Nikaupepeta. Kupepeta ulezi ni kazi ya kusinzia, punje ni ndogo kama vumbi lenye akili, unarusha, unapokea, makapi yanakwenda zake na upepo, na kichwa nacho kinakwenda zake. Siku ile kilikwenda mbali. Nilijiona nimekaa juu ya bati la nyumba yetu, natazama nyasi za Ufipa zinavyokwenda bila mti, bonde hata bonde, halafu nyasi zikawa maji, na juu ya maji kukawa na kitanda cha hospitali na mtu amegeukia ukuta. Jirani akaniita mara mbili kabla sijamsikia. Nikapeleka mashineni, nikachekecha, nikafunga kwa tabaka tatu za nailoni, na juu nikashona mfuko wa kitambaa cha kitenge.

Alhaji akaondoka. Katika ujumbe wake wa kwanza wa sauti kutoka Dubai nilimsikia anavyojikunyata ndani ya sauti yake mwenyewe. Kumbe kushuka Mumbai kunataka viza, na viza si tiketi ya basi. "Lakini usiwe na wasiwasi, fundi," akasema, "unga umeondoka kwetu na utafika." Siku mbili baadaye akanipigia kwa video. Alikuwa katika duka la Mhindi mmoja anakonunua vitambaa, mzee mwenye mvi na tabasamu la mauzo. Dada wa mzee huyo alikuwa anarudi kwao Mumbai asubuhi ya keshokutwa, na alikuwa tayari kubeba, ila alitaka kujua anabeba kitu gani. Haki yake. Hata mimi nisingebeba unga wa mtu nisiyemjua.

Alhaji akafungua kona ya mfuko. Yule mzee akachota kidogo kwa kidole, akanusa, akaweka ulimini. Akacheka, akasema maneno mengi.

"Anasema nini?" nikauliza.

Alhaji akakohoa. "Anasema anaujua, fundi. Kwao wanao. Bibi yake alikuwa akiusonga. Anasema Mumbai upo madukani, wana na jina lao wanauita."

Nilikata simu bila kuaga, Mungu anisamehe. Nikampigia binti.

"Ulijua kwamba ulezi upo huko?"

Ikawa kama siku ile, kimya kwanza. "Nilijua, mama. Nilinunua wiki ya kwanza. Nikampikia. Akasema asante."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliposema utaleta wa nyumbani, nikaona labda wa nyumbani atakunywa. Na nikaona kama nikikuambia upo, wewe utakaa ufanye nini?"

Mwanangu ananijua. Kweli, ningekaa nifanye nini? Nilikaa kwenye cherehani nikashona pindo la gauni moja juu chini, nikafumua, nikashona tena juu chini. Niliogopa, na sijui njia nyingine ya kulisema hilo. Niliogopa unga ufike, aambiwe umetoka nyumbani, aseme asante, ageukie ukuta. Baada ya hapo hakuna kingine cha kupeleka.

Ndipo nikakumbuka kwamba unga ule hakuna aliyeusindikiza.

Kwetu mtu hatoki nyumbani kwako ukaishia naye mlangoni kama mdai. Unatoka naye. Wa kawaida unamfikisha njia panda, ndugu unamvusha mto, na umpendaye mnaendelea tu kusindikizana mpaka mmoja wenu aone haya amwambie mwenzake sasa rudi. Mume wangu alipoondoka nilimfikisha stendi, basi. Sikupanda. Mimi gari hunitapisha, tangu usichana, hata harufu ya dizeli inatosha. Katika ndoa yetu yote, mke wa dereva wa Tunduma mimi, Tunduma sijawahi kuifika. Na unga nao niliukabidhi kaunta, nikarudi kwenye tepu yangu.

Alhaji alinitumia saa ya ndege, na namba ya binti akampa yule dada. Nikageuza saa za Dubai kuwa za kwetu, wao wametutangulia saa moja, nikaona inaruka karibu sawa na basi la kwanza la asubuhi. Nikakata tiketi. Mdogo wangu wa kike aliponiuliza nafuata nini Tunduma nikamwambia nafuata uzi. Angeniona nimechanganyikiwa, na sikuwa na muda wa kubishana.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya mji, taa za stendi zinaonekana kama viini vya mayai. Nilikaa kiti cha tatu, kitenge mabegani, kingine miguuni, limau mkononi la kunusa. Tulipoanza kuondoka binti akapiga. "Mama, dada wa yule mzee wa Dubai ametuma ujumbe, wameshaingia ndani ya ndege."

"Na sisi tunaondoka," nikasema.

"Ninyi nani?"

"Mtandao mbaya," nikasema, nikakata.

Basi likapanda, likashuka, likashika lami. Nikafumba macho, na kwa kweli sikuwa tena katika basi. Injini ile ile inayonguruma chini ya miguu yangu ndiyo iliyokuwa ikinguruma chini ya unga. Tulipotoka mjini wao walikuwa wanakunja magurudumu. Tulipofika Mpui nikafungua macho, ukungu umejaa mabondeni, vilele tu vya vilima vinachungulia, na nilishindwa kujua kama niko juu ya mawingu au chini yake. Nikaona hapa lazima nao wameshaiacha nchi kavu. Nikatapika kwenye mfuko, nikanusa limau, nikaendelea kuruka.

Bahari sijaiona. Nimeliona ziwa, pale Kasanga, nilipokwenda msibani zamani, nikiwa nimelala chali nyuma ya pikapu njia nzima. Kwa hiyo bahari ya Mumbai niliijenga kwa maji ya Kasanga, nikayaondolea milima ya Kongo ng'ambo, nikayaacha yaende tu. Juu yake nikapitisha ndege, na dirishani nikamweka mwanamke mtu mzima nisiyemjua, amelala, na juu ya kichwa chake mfuko wa kitenge. Nilimwombea asiamshwe.

Laela basi lilisimama. Wanawake walikimbilia madirishani na mahindi ya kuchemsha, magunia yamepangwa kando ya barabara yakingoja wanunuzi, na binti akapiga tena kuuliza kwa nini simu yangu ina honi. Ikabidi nimweleze. Akasema, "Mama wewe," basi, kwa sauti ya mtu anayefuta pua.

Kijana jirani yangu kitini, mtu wa Mbeya kwa lafudhi, alikuwa ameyasikia yote. Na utani wa Watanzania juu yetu watu wa Sumbawanga unaujua, eti tunaruka na ungo.

"Mama, mnahangaika na mabasi ya nini?" akasema huku akicheka. "Ninyi si mnapanda ungo, India mnakwenda na kurudi chai haijapoa?"

Siku nyingine ningecheka naye. Siku ile nilimgeukia mzima mzima.

"Mwanangu, ungo ninao. Nimepepetea ulezi wa huo unga. Kama ungekuwa unaruka, ningekuwa Mumbai tangu siku ile mume wangu alipoacha kula, na wewe hapa ungekuwa unamtania mtu mwingine."

"Pole, mama," akasema, na akanipisha dirishani. Baadaye alininunulia hindi. Nililishika tu likanipasha mikono.

Kuanzia Laela jua lilishatoka, nyasi zikawa na rangi ya dhahabu kuukuu, na barabara ikanyooka mbele yetu. Hii ndiyo iliyokuwa ofisi ya mume wangu. Kila kona aliyonisimulia jioni akila nilianza kuitambua, mteremko wa breki, mti alipokuwa akisimama kupoza injini, nami miaka yote hiyo nilikuwa nikimsikiliza nusu, nusu natazama sufuria. Nilimkumbuka mpaka nikaumwa kifuani. Nilitapika tena. Tunduma ilipoanza, malori yamepanga foleni mpaka macho yanachoka, binti akatuma neno moja: wametua.

Nilishuka. Nikatafuta kivuli pembeni ya stendi, nikakaa juu ya begi langu, nikangoja. Mumbai wametutangulia kwa masaa mawili na nusu, na hiyo nusu sijui nani aliikata na kwa kisu gani. Jua langu lilikuwa la asubuhi, lao linakaribia utosini. Watu wakapita na kwacha na shilingi, wakanunua, wakauza, wakagombana, mimi nawatazama kama walio ndani ya kioo. Mchana ulikuwa umeshageuka nilipoona siwezi tena, nikapiga mimi.

"Unga umefika, mama," binti akasema. "Nimeshaupika. Bado una moto."

"Amekunywa?"

"Nimemwekea pale karibu."

"Amesema nini?"

"Amesema asante."

"Mpe simu."

Nilisikia shuka, kikohozi, halafu pumzi yake. Tuliongea Kifipa, lugha yetu ya nyumbani.

"Habari za huko," akasema. Sauti imekonda.

"Uji umeuona?"

"Nimeuona. Asante, mama."

"Usiniambie asante mimi," nikasema, na watu wa stendi wakageuka. "Mimi si nesi."

Lori moja likapiga honi nyuma yangu, refu, na jingine likaijibu.

"Hizo ni honi za wapi?" akauliza.

"Tunduma."

"Tunduma?" Hapo sauti ilipanda kidogo, ikawa karibu ya mtu ninayemfahamu. "Umefuata nini Tunduma?"

"Nimeusindikiza unga."

"Unga haukupita Tunduma."

"Najua haukupita. Lakini Dubai mpaka huko ni masaa matatu, na nyumbani mpaka hapa ni masaa matatu. Nilishindwa kuusindikiza kwa huko, nikausindikiza kwa huku. Tumetoka pamoja na tumefika pamoja."

Nikasikia feni ya wodini ikizunguka, na mtu mwingine mbali akiongea lugha isiyo yetu.

"Kwa gari?" akasema mwishowe.

"Ulitaka nije na nini?"

"Umetapika?"

"Mara mbili."

"Umekula?"

"Sijala."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu jana."

Akaguna. "Sasa mtu anakaa Tunduma, chakula chote kile, na njaa," akasema. "Nenda kule yanakopaki malori ya mahindi, kuna akina mama wanapika. Omba ugali wa moto. Wakikuletea kiporo rudisha, usione haya, wale wanajua kumtambua mgeni."

"Sitakula peke yangu," nikasema.

"Wewe mwanamke una kichwa kigumu."

"Nimekaa nacho muda mrefu, nimekizoea. Sitakula peke yangu."

Nikaenda huku simu ikiwa sikioni. Akina mama walikuwepo. Nikakaa kwenye benchi, nikanawa, wakaniletea ugali na maharage, mvuke unapanda. Nikamwambia umefika, na ni wa moto. Nikamsikia akimwambia binti amwinue, amwekee mto nyuma, hapana, siyo hivyo, juu zaidi, na kile kikombe kiko wapi.

Nikakata tonge, nikachovya, nikatia mdomoni. Upande wa pili akafyonza uji, ile sauti yake mbaya niliyoikemea mbele ya wageni miaka yote, akameza, akafyonza tena. Sikusema neno. Machozi yalikuwa yanaingia kwenye maharage na sikuyafuta, mkono mmoja una simu na mwingine una ugali. Nilitafuna polepole, nikikata vitonge vidogo vidogo kama vya mtoto, ili nisije nikamaliza kabla yake.